Mzigo wa Shaka Katika Kesi ya Mbushuu

Kwamba adhabu ya kifo ni ya kinyama na inamdhalilisha binadamu, majaji wote wa kesi ya Mbushuu nchini Tanzania walikubali. Alikubali James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, mwaka 1994. Wakakubali Nyalali, Makame na Ramadhani wa Mahakama ya Rufani mwaka 1995. Katiba ileile, ushahidi uleule. Lakini Mwalusanya alikataa kitanzi akatoa kifungo cha maisha, na Mahakama ya Rufani ikakirudisha kitanzi.

Walipoachana njia ni ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kubana haki kwa maslahi ya umma. Je, kunyonga ni lazima ili kulinda maisha ya wengine? Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba kitanzi huwatisha wauaji kuliko jela ya maisha, wala kinyume chake. Mwalusanya akasema anayetaka kuua ndiye athibitishe. Jamhuri haikuthibitisha, basi imeshindwa. Mahakama ya Rufani ikasema shaka ya namna hiyo ni ya jamii kuiamua, na sheria iliyopo ndiyo sauti ya jamii.

Itikadi ya jaji tuitafute hapo, katika kuamua nani aathirike ushahidi unapokosa kutosha. Maneno makali ya kurasa za mwanzo za hukumu hayatuambii mengi. Mwalusanya hakuwa mgeni wa njia hii: mwaka 1990, Mwanza, katika kesi ya Holaria Pastory, aliifuta kanuni ya kimila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo. Kwake mila na sheria za zamani ndizo zilizopaswa kujitetea mbele ya katiba.

Ni rahisi kumwita Nyalali mhafidhina, na ni kosa. Tume aliyoiongoza kuhusu mfumo wa vyama vya siasa ilikuta takriban asilimia 80 ya waliohojiwa wanataka chama kimoja kiendelee, nayo ikapendekeza vyama vingi. Mtu huyohuyo, akiwa na joho, aliiachia jamii neno la mwisho. Nadhani kilichomtawala ni picha yake ya kazi ya mahakama: tume hushauri na wengine wakaamua, ila jaji akifuta sheria, imefutika.

Miezi michache baadaye Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya Makwanyane, iliisoma hukumu ya Mbushuu na kwenda upande wa pili. Rais wake, Arthur Chaskalson, aliandika kuwa maoni ya umma hayawezi kuchukua nafasi ya wajibu wa mahakama wa kuifasiri katiba. (Huyu aliwahi kuwa miongoni mwa mawakili wa kina Mandela kwenye kesi ya Rivonia, ambako kitanzi kiliwaning'inia wateja wake.) Majaji wote 11 walikubaliana, kila mmoja akaandika sababu zake, na Yvonne Mokgoro akajenga zake juu ya ubuntu.

Hata hivyo tusiwape majaji uzito wote. Katiba ya muda ya Afrika Kusini ilitaja haki ya kuishi bila sharti. Ibara ya 14 ya Tanzania inaifunga hifadhi ya maisha na maneno "kwa mujibu wa sheria". Mwalusanya aliyasoma maneno hayo kama mlango mwembamba. Mahakama ya Rufani iliyakuta mapana ya kutosha kupitisha Kanuni ya Adhabu nzima.