Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mkombozi Mweupe katika Filamu ya Cry Freedom

Katika sanaa zote zinazowafikia vijana wetu, filamu ni miongoni mwa zile zenye nguvu kubwa ya kuteka nyoyo. Mtazamaji huketi gizani, hucheka na kulia pamoja na wahusika, na atokapo nje huwa amebeba mawazo ambayo hakupata nafasi ya kuyapima. Kwa hiyo filamu haina budi kuhakikiwa kama tuhakikivyo riwaya na tamthilia: kwa kuyatazama maudhui yake, na pia kwa kuichunguza fani inayoyabeba maudhui hayo.

Makala haya yanamshughulikia mhusika mmoja ajitokezaye mara kwa mara katika filamu zinazotengenezwa Ulaya na Marekani juu ya watu wa mabara mengine. Huyu ni mkombozi mweupe. Hufika ugenini, huwakuta wenyeji katika dhiki, huhuzunika, kisha huwaokoa. Wenyeji nao hubaki kumshukuru, au hufa ili yeye apate kujifunza.

Mhusika huyu alizaliwa na ukoloni. Filamu ya Sanders of the River, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1935, yamwonyesha mkuu wa wilaya Mwingereza huko Nigeria. Aondokapo, makabila hupigana. Arudipo, amani hurejea. Mwigizaji mashuhuri Paul Robeson alishiriki katika filamu hiyo, na baadaye akaikana. Jomo Kenyatta, aliyekuwa akisoma London wakati ule, alionekana humo katika nafasi ndogo tu. Mtu ambaye angekuja kuiongoza nchi huru alipewa nafasi ya kusimama nyuma ya Bwana Sanders.

Filamu ya namna hiyo haimsumbui mhakiki, kwani kasumba yake iko wazi. Kazi ngumu ni kuihakiki filamu iliyotengenezwa kwa nia njema, na mfano mzuri ni Cry Freedom, iliyoongozwa na Richard Attenborough na kutolewa mwaka 1987. Filamu hii inaupinga ubaguzi wa rangi wa Makaburu bila kigugumizi. Ilipigwa nchini Zimbabwe, na mwaka 1988 polisi wa Afrika Kusini waliinyakua siku ileile ilipoanza kuonyeshwa nchini mwao. Hakuna awezaye kusema kuwa ilitengenezwa kuwafurahisha wakandamizaji.

Inasimulia habari za Steve Biko na Donald Woods. Ili kuipima, yatupasa kwanza kumfahamu Biko wa historia. Biko alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyeshiriki katika NUSAS, chama cha wanafunzi kilichoongozwa na wazungu waliberali. Aliona kwamba katika chama hicho hata malalamiko ya mtu mweusi yalisemwa na mzungu kwa niaba yake. Ndipo yeye na wenzake walipojitenga na kuanzisha SASO, chama cha wanafunzi weusi, naye akawa rais wake wa kwanza mwaka 1969. Fundisho la Mwamko wa Watu Weusi lilikuwa hili: mnyonge aanze kwa kuikomboa akili yake, ajisemee na ajitendee mwenyewe, kwa maana rafiki mwema akishika usukani humfanya abiria wa daima. Biko alikamatwa Agosti 1977, akapigwa, akasafirishwa uchi katika gari la polisi kwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, akafa tarehe 12 Septemba akiwa na umri wa miaka 30.

Je, filamu inamfanyia nini mtu huyu? Inaanza vema. Denzel Washington anamwigiza Biko kwa heshima na ucheshi, na Mamphela Ramphele, daktari kijana, anaonyeshwa akimkabili Woods ofisini na kumkemea kwa ujinga wake. Lakini Biko anakufa karibu na katikati ya filamu inayochukua zaidi ya saa mbili na nusu. Tangu hapo anaonekana katika kumbukumbu tu. Sehemu iliyobaki inamfuata Woods, mhariri wa gazeti: jinsi polisi wanavyoiandama familia yake, anavyojigeuza padri, na anavyovuka kuingia Lesotho ili akachapishe kitabu chake. Taharuki yote imewekwa katika swali moja: je, Woods atafika salama? Hata mauaji ya watoto wa Soweto, ya tarehe 16 Juni 1976, yanaletwa karibu na mwisho, yakichomekwa ndani ya safari yake.

Hapa fani inayapinga maudhui. Maneno ya Biko yanasema mtu mweusi awe mtendaji wa historia yake. Mpangilio wa matukio unamfanya mweusi awe mwalimu anayekufa ili mzungu atende. Hata watoa tuzo wa Marekani waliona hivyo: Washington alipopendekezwa kwa tuzo ya Oscar, alipendekezwa katika kundi la waigizaji wasaidizi. Katika filamu inayomhusu Biko, Biko alihesabiwa kuwa mhusika msaidizi.

Wapo wanaoitetea. Husema kwamba filamu imetokana na vitabu vya Woods mwenyewe, na kwamba watazamaji wa Magharibi wasingeingia ukumbini pasipo mhusika anayefanana nao. Hoja ya kwanza ina ukweli, na ushujaa wa Woods hatuubezi. Alihatarisha maisha yake na ya wanawe. Lakini mtunzi huchagua nani afuatwe. Baada ya Soweto, vijana wengi weusi walivuka mipaka bila ndege wala waandishi wa habari wa kuwapokea. Baadhi yao walifika hapa Tanzania, na huko Mazimbu, Morogoro, ANC ikawajengea shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Safari zao nazo zina taharuki ya kutosha. Hoja ya pili ndiyo hasa ugonjwa wenyewe, kwani inakiri kwamba kifo cha Mwafrika hakina uzito mpaka mzungu akilie.

Isidhaniwe kuwa tatizo ni rangi ya mtengenezaji. Mwaka 1988 ilitoka filamu ya Mapantsula, iliyoongozwa na Oliver Schmitz, Mwafrika Kusini mweupe, akishirikiana na Thomas Mogotlane, mweusi, aliyeandika pamoja naye na kuigiza nafasi kuu. Mhusika wake, Panic, ni mwizi wa Soweto na si mtakatifu. Polisi wanapomshurutisha kutia sahihi ushahidi wa uongo dhidi ya wanaharakati, uamuzi ni wake peke yake, naye anakataa. Hapatokei mtu wa kumwokoa, na mtazamaji hamhitaji mtu huyo.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa haifai kusahau nani anayechinja kuku katika methali hii. Ni mwenyeji mwenyewe, na mji ni wake. Mkombozi mweupe wa filamu huja akaichukua jiko, kisu na meza, kisha mwenyeji akaambiwa kuwa amepona.

Walimu wanaweza kuwazoeza wanafunzi kuuliza mambo matatu kila watazamapo filamu. Nani anafanya uamuzi unaosukuma matukio mbele? Tunaogopa kwa ajili ya hatari ya nani? Mwenyeji akifa, je, hadithi inaendelea na watu wake au inahamia kwa mgeni? Maswali haya yatumike pia kwa filamu zetu wenyewe, ambamo mara nyingine msomi kutoka mjini hupewa kiti kilekile cha Bwana Sanders, na wanakijiji wakawekwa nyuma yake wakipiga makofi.