Zodiac: Filamu ya Upelelezi Isiyomkamata Mtu

Msomaji aliyezoea riwaya za Muhammed Said Abdulla anajua kwamba mwishoni Bwana Msa atavuta kiko chake na kulifumbua fumbo. Filamu ya Zodiac, iliyoongozwa na David Fincher mwaka 2007, inamnyima mtazamaji raha hiyo. Kwa dakika 157 tunafuatilia mauaji ya kweli yaliyotikisa kaskazini mwa California, Marekani, ambayo hadi leo hakuna aliyeshtakiwa kwayo. Makala hii inadai kwamba filamu inafaulu inapoonyesha jinsi polisi walivyoshindwa, lakini inateleza inapojivika joho la hakimu.

Kati ya Desemba 1968 na Oktoba 1969 watu 5 waliuawa na 2 wakanusurika. Muuaji alijiita Zodiac na kuyaandikia magazeti barua zenye maandishi ya mafumbo. Fumbo la kwanza lilifumbuliwa mwaka 1969 na mwalimu mmoja na mkewe. Jingine, lenye alama 340, lilisubiri hadi Desemba 2020. Yote mawili hayakutoa jina la muuaji.

Ubora wa kwanza wa filamu ni picha yake ya upelelezi. Mauaji yalitokea katika himaya za polisi mbalimbali: Kaunti ya Solano, Vallejo, Napa na San Francisco. Kila ofisi ina jalada lake na wakubwa wake, na mpelelezi anayehitaji nakala kutoka mji jirani anagundua kwamba wenzake hawana hata faksi. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hapa neno liliharibika kwa sababu wengi hao hawakukaa kikao kimoja.

Mfano mchungu zaidi ni wa usiku wa tarehe 11 Oktoba 1969, dereva wa teksi alipopigwa risasi San Francisco. Mashahidi walimwona mzungu, lakini redio ya polisi ilitangaza kwamba anayetafutwa ni mtu mweusi. Askari wa doria wakampita mzungu aliyekuwa akitembea karibu na hapo. Filamu inaligusia jambo hili harakaharaka, kana kwamba ni mkosi tu. Naona lilistahili zaidi. Tangazo lile lilimpa mwenye hatia njia ya kupita, na wakati huohuo lingeweza kumponza mtu mweusi yeyote aliyekuwa akirudi nyumbani usiku ule.

Ubora wa pili ni uaminifu kwa ushahidi. Mauaji ya vijana wawili ya Desemba 1968 hayaonyeshwi, kwa kuwa hakuna aliyenusurika kuyasimulia. Tunaonyeshwa tu matukio yaliyoacha manusura au mashahidi. Huu ni uamuzi wa kimaadili: msanii amekataa kubuni dakika za mwisho za marehemu.

Kwa bahati mbaya, nidhamu hiyo inalegea katika nusu ya pili. Mhusika mkuu sasa ni Robert Graysmith, mchoraji katuni wa gazeti, ambaye vitabu vyake ndivyo msingi wa filamu. Anakwenda dukani kumkazia macho mtuhumiwa mmoja, na msuko unatushawishi kwamba fumbo limefumbuliwa. Mwishoni manusura anaichagua picha ya mtu huyohuyo. Kisha maandishi yanatuarifu kwamba mtuhumiwa alifariki mwaka 1992 bila kushtakiwa, na kwamba kipimo cha vinasaba cha mwaka 2002 hakikulingana naye. Maandishi hayo hudumu kwa sekunde chache, lakini uso wa mtuhumiwa hutoka nasi ukumbini. Jina lake nimeliacha kwa makusudi: marehemu hawezi kujitetea.

Ndani ya filamu, mpelelezi Dave Toschi anatoka nje ya ukumbi unaoonyesha Dirty Harry, filamu ya 1971 ambamo polisi anamaliza kesi kwa bastola. Fincher anatucheka sisi tunaopenda haki ya mkato. Hata hivyo, naye ametupatia mkato wake, ila hautumii bastola. Familia za marehemu zinastahili jibu, lakini jibu lililopatikana kwa sababu hadithi inahitaji mwisho haliwatendei haki wao wala mtuhumiwa. Filamu hii inafaa kutazamwa darasani, mradi mjadala uanzie kwenye maandishi yale ya mwisho.