Brutus ni "Mheshimiwa"?

Juzi kwenye semina ya tafsiri tulibishana mpaka muda ukatuishia. Neno "honourable", analolirudiarudia Antony mbele ya maiti ya Caesar katika tamthilia ya Shakespeare ya 1599, tuliseme vipi kwa Kiswahili? Wengi walijibu upesi: "mheshimiwa". Nilikataa, na bado nakataa. Sihukumu hapa tafsiri ya Mwalimu Nyerere (1963, akairekebisha 1969). Nauliza tu neno lenyewe linabeba nini.

Mzizi wake wa Kilatini ulimaanisha heshima na pia cheo cha umma. Kiingereza kimerithi utata huo: wabunge wa Uingereza huitana hivyo hata wanaposutana. Sisi tumeyagawa. "Mheshimiwa" ni kauli ya kutendwa: wapo wanaomheshimu, basi, kama anastahili, neno halisemi. Anayestahili ni "mstahiki", ila huyo tumemwachia meya.

Sasa, ukimwita Brutus "mheshimiwa", watazamaji wetu watacheka mapema mno, maana neno hilo tumelichosha wenyewe kwenye mikutano ya hadhara. Antony hana haraka hiyo. Anapoanza, umati uko upande wa Brutus na neno bado ni sifa. Halibadiliki hata herufi moja; kinachobadilika ni ushahidi anaoupanga kando yake: fidia za mateka zilizojaza hazina ya Roma, taji lililokataliwa mara tatu, wosia. Mwishowe raia wenyewe wanalitema.

Napendekeza "muungwana". Najua, watu wa pwani watanikumbusha kwamba zamani muungwana alikuwa yule asiye mtumwa, na neno lilibagua watu. Ndiyo, na hapo ndipo linaponoga! Dakika chache kabla, Brutus amejitetea kwa kuwauliza Warumi nani kati yao angependa kuwa mtumwa. Antony akimwita muungwana, anaichukua hoja ile ile na kumgeuzia. Tena mtazamaji aliyelelewa na msemo "muungwana ni vitendo" ataanza kuhesabu vitendo bila kuambiwa.

Mwenzangu mmoja alidai eti neno hili halina uzito wa Seneti. Kweli, linanukia baraza kuliko ofisi. Lakini Antony hasemi na Seneti, bwana. Anasema na watu wa mtaani, wenzao wale seremala na mshona viatu wa onyesho la kwanza, na hao ndio wanaoondoka na moto kwenda nyumbani kwa Brutus.