Daftari la Mega kwenye Pembe ya Kioo

Uvira imekaa kati ya milima ya Mitumba na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ikitazamana na Bujumbura iliyo ng'ambo ya maji. Katika mji ambako intaneti hununuliwa kwa mega, yaani megabaiti, na ambako modemu iliyo karibu na mpaka wa Kavimvira huweza kushika mnara wa Burundi bila mwenyewe kutambua, kujua kompyuta iko kwenye mtandao gani na imekula kiasi gani ni jambo linalogusa mfuko. Watumiaji wa Linux hulijua kwa kuandika skripti, yaani faili ya maandishi yenye amri zinazotekelezwa na sheli, programu inayopokea maneno ya mtu na kuyageuza kuwa kazi. Matokeo yake huonyeshwa kwenye pembe ya kioo kwa programu kama Conky.

Uzuri wa ufundi huu ni kwamba hauhitaji kipimo kipya. Kiini cha Linux, kinachosimamia vifaa vyote, huandika hesabu yake wakati wote, na faili ya rx_bytes iliyo chini ya /sys/class/net hutoa namba moja tu, idadi ya baiti zilizopokelewa. Skripti huisoma, husubiri sekunde moja, huisoma tena, na tofauti ya namba hizo ndiyo kasi. Jina la kampuni ya simu iliyoshikwa na modemu, liwe la Kongo au la Burundi, hutajwa na amri ya mmcli.

Ili kupata jumla ya matumizi, skripti huihifadhi namba ya mwisho iliyosomwa, na fundi hasa hujulikana umeme unapokatika. Kompyuta ikiwaka upya, hesabu ya kiini huanza tena kwenye sifuri, na skripti iliyoandikwa kwa pupa hutoa kubwa katika ndogo, ikaonyesha matumizi yaliyo chini ya sifuri. Iliyoandikwa kwa utulivu hulinganisha kwanza, na ikikuta namba mpya ni ndogo kuliko iliyohifadhiwa, huijumlisha nzima juu ya hesabu ya zamani. Modemu ikichomolewa, faili yenyewe hutoweka, kwa hiyo mstari mmoja huuliza kwanza kama ipo. Mistari hiyo haionekani kwenye kioo, lakini ndiyo inayostahili sifa kuliko rangi na michoro yote.

Skripti huweza pia kuonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Anwani ya ndani hupatikana kwa amri ya ip bila kugusa intaneti, ilhali anwani inayoonekana kutoka nje kwa kawaida haijulikani mpaka seva ya mbali iulizwe, na kila swali hupunguza mega kidogo. Ndiyo maana skripti inayoifaa Uvira huuliza mara moja inapounganishwa, ikalihifadhi jibu mpaka muunganisho ubadilike.