Njia ya Maji katika Mlango wa Gari la Kale: Mwongozo wa Kupima Kazi ya Fundi

Ubora wa kazi ya kuzuia uvujaji katika milango ya gari la kale haupimwi kwa wingi wa mpira au gundi iliyotumika, bali kwa jinsi fundi alivyoielewa njia ya maji. Mlango wenye kioo cha kuteremsha, kama ule wa Peugeot 504 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, haukuundwa uwe mkavu kabisa: maji ya mvua hupita kando ya kioo, hushuka ndani ya tumbo la mlango, yaani uwazi ulio kati ya bati la nje na la ndani, kisha hutoka kupitia matobo madogo yaliyo ukingoni mwa chini. Fundi stadi huyaongoza maji hayo yarudi nje, ilhali fundi dhaifu hupaka silikoni kila mahali na kuyaziba hata matobo hayo, hivyo mlango ukageuka tangi na kutu ikaanza kuula kutoka ndani.

Hali ya hewa ya Nyanda za Juu Kusini za Tanzania huufanya ustadi huu uwe wa lazima. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na Tukuyu, katika Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati mji wa Iringa hupata chini ya nusu ya kiasi hicho. Hata hivyo mwenye gari wa Iringa ana kipimo chake, nacho ni vumbi la kiangazi, kwa kuwa gari linapokwenda kasi kwenye barabara ya udongo, hewa huvutwa ndani kupitia kila upenyo na kuacha mstari wa vumbi mahali ambapo mpira haugusi bati. Mistari hiyo ichunguzwe kabla gari halijaoshwa, kwa sababu huonyesha mapema pale ambapo maji yanaweza kuingia masika, na kwa sababu vumbi hilohilo hujaa katika matobo ya mlango na kuwa tope mvua za kwanza zinaponyesha.

Uchunguzi mzuri huanza kwa kuuondolea mlango lawama zisizo zake. Zulia la mbele lililolowa huenda limelowa kwa maji ya ukingo wa kioo cha mbele au, katika Land Rover za zamani, kwa maji ya vifuniko vya hewa vilivyo chini ya kioo hicho. Ndiyo maana fundi makini humwagia gari maji ya mpira wa bomba yasiyo na nguvu, akianza chini ya mlango na kupanda polepole, huku msaidizi akiwa ndani na tochi. Anayeanza juu hulowesha kila kitu kwa pamoja na hawezi tena kutofautisha chanzo kimoja na kingine.

Jambo la pili la kuangalia ni mpangilio wa kazi. Bawaba, hasa za mlango wa dereva unaofunguliwa mara nyingi zaidi, hulika na kuuacha mlango uning'inie. Ukiunyanyua kwa ncha yake na ukacheza, hakuna mpira mpya utakaoufaa mpaka bawaba zitengenezwe na kitasa kirekebishwe. Baada ya hapo mgusano hupimwa kwa chaki iliyopakwa kwenye mpira, ambayo mlango ukifungwa huacha alama kwenye bati, au kwa kipande cha karatasi kinachobanwa na mlango kisha kuvutwa. Kikivutwa kwa ugumu ulio sawa pande zote, mgusano ni mzuri.

Mpira wenyewe una dalili zake. Mpira mnene kupita kiasi humlazimisha mtumiaji kubamiza mlango, na mabamizo hayo hupinda fremu. Mpira uliovutwa wakati wa kubandikwa hurudi polepole na kuachana na kona, kwa hiyo unapaswa kukatwa ukiwa mrefu kidogo na kusukumwa mahali pake, na kiungo chake kiwe upande wa chini, kamwe si juu ya kichwa cha abiria.

Kilicho nyuma ya ubao wa ndani wa mlango ndicho hutenganisha kazi ya kweli na ya kuficha. Hapo panatakiwa nailoni nzima, iliyobandikwa kwa gundi laini isiyokauka, na ukingo wake wa chini uingizwe ndani ya tumbo la mlango ili matone yarudi kwenye njia yao. Nailoni ikikosekana, ubao hulowa, huvimba na kuachia vishikizo. Kipimo chake ni rahisi: kikombe cha maji kikimwagwa kando ya kioo, maji yatoke chini mara moja, na mlango ukitikiswa isisikike sauti ya maji yaliyobaki ndani.

Land Rover za Series II na III zinahitaji jicho tofauti, kwani bati lao la nje ni la alumini lililokunjwa juu ya fremu ya chuma, na metali hizo mbili zikikutana penye unyevu, ulikaji huenda haraka. Sumaku, inayofichua puti juu ya milango ya chuma kwa kukataa kunata, haisemi lolote juu ya alumini. Hutumika kwenye fremu tu. Nusu ya juu ya mlango, yenye vioo vya kusukuma, ifunguliwe na mifereji ya vioo isafishwe tope, maana hapo ndipo chuma huoza kwanza.

Kazi ifanywe Septemba au Oktoba na malipo ya mwisho yasubiri mvua za Novemba. Hata hivyo, kipimo cha juu kabisa ni kwamba fundi mwingine aweze kuifungua kazi hiyo bila kisu: mpira utoke, ubao urudi na matobo yaonekane, kwa kuwa gari la kale litatengenezwa tena, na kazi isiyofunguka humwachia anayefuata uharibifu badala ya matengenezo.