Picha Safi na Macho ya Mtazamaji

Yako madai mawili juu ya televisheni, na kila dai lina watu wake. Dai la kwanza husema kuwa mtazamaji wa kawaida hana habari na ubora wa picha: mpe picha yoyote, naye atatazama. Dai la pili husema kuwa kila mtu hutamani picha iliyo safi kuliko ile aliyo nayo, na asiyeinunua huzuiwa na ufukara au ujinga. La kwanza hupendwa na wavivu wa kazi. La pili hupendwa na wenye bidhaa. Katika insha hii nataka kuonyesha kuwa yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hayakumwuliza mtazamaji mwenyewe.

Tseikuru ni mji mdogo wa kaskazini ya Kitui. Njia yake hutoka Mwingi, hupita Kyuso, na kuingia katika nchi kavu ya mibuyu, mbuzi na mashamba ya ndengu na mtama. Jioni moja niliketi katika mkahawa wa huko. Televisheni ilikuwa moja, imetundikwa karibu na dari, na nguvu zake zilitoka katika betri iliyojazwa na jua la mchana kutwa. Watu walikuwa wengi kuliko mabenchi. Mpira ulikuwa ukichezwa Ulaya. Majani ya uwanja yalikuwa yamepauka katika kioo kile, na wachezaji walijulikana kwa mwendo wao zaidi kuliko kwa nyuso zao.

Kando yangu alikuwapo kijana aliyekuja likizo kutoka mjini. Alimgeukia mzee mmoja, akamwuliza kwa adabu, “Mzee, kwani huoni kuwa picha hii ina ukungu?”

Mzee akajibu, “Naiona, mwanangu. Macho hayana pazia. Lakini mimi sikuja kutazama kioo. Nimekuja kutazama mpira.”

Kijana alinyamaza. Haukupita muda mrefu picha ikaganda. Mchezaji mmoja alikuwa ameinua mguu apige, na mguu ukabaki hewani. Nyumba nzima ilipiga kelele. Picha ilipopata uhai tena, mpira ulikuwa umekwisha kurudishwa katikati ya uwanja, na bao hatukuliona. Yule mzee ambaye hakuja kutazama kioo alikuwa amesimama wima, akikigombeza kioo.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kina somo lote ndani yake. Mzee aliuona ukungu, akausamehe. Aliuona mgando, na huo hakuusamehe. Basi si kweli kwamba hakujali. Alijali sana, ila mizani yake haikuwa ile ya duka. Duka hupima picha kwa hesabu ya nukta. Mzee alipima kwa swali moja: Je, nimepata nilichokifuata?

Na tuitazame mizani ya duka. Mwaka 1926, John Logie Baird alipoonyesha televisheni yake mjini London, picha yake ilikuwa na mistari 30 tu. Mwaka 1936 Uingereza ilianza kutangaza kwa mistari 405. Baadaye sehemu kubwa ya dunia, na Afrika Mashariki pamoja nayo, ilitumia mistari 625. Siku hizi vioo vya mistari 1080 vimekuwa vya kawaida, na vya mistari 2160 vinauzwa madukani. Mtu akisoma tarakimu hizi hudhani kuwa starehe ya macho imeongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Sivyo. Tarakimu zaweza kupanda bila kikomo, lakini jicho la mwanadamu lina mpaka.

Mwanafunzi aweza kuupima mpaka huo mwenyewe. Chora mistari miwili myeusi juu ya karatasi nyeupe, uache kati yake nafasi ya milimita moja. Ibandike ukutani, kisha urudi nyuma polepole. Ukiwa na macho mazima, baada ya mita tatu na kitu mistari miwili itaonekana kuwa mmoja. Sasa chukua televisheni ya inchi 32. Kimo cha kioo chake ni sentimita 40 hivi. Ukikigawa kimo hicho kwa mistari 720, kila mstari hupata kama nusu milimita; ukikigawa kwa mistari 1080, hupata chini ya hapo. Mtu aliyeketi mita nne nyuma hawezi kuutambua mstari mmoja katika kioo cha kwanza wala cha pili. Benchi la nyuma la mkahawa halitofautishi vioo hivyo, hata kama bei zake ni mbalimbali. Hilo si ujinga wa mtu wa Tseikuru. Profesa akiketi juu ya benchi lile naye hataona zaidi.

Lakini tusikimbilie kusema kuwa ubora wa picha ni upuuzi. Yako mabadiliko ambayo kila mtu huyaona bila kufundishwa. Rangi ni mojawapo. Zanzibar ilipoanzisha televisheni yake mwaka 1973, ilianza na rangi moja kwa moja, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado katika weupe na weusi. Hakuna aliyehitaji mwalimu wa kumwonyesha tofauti hiyo. Mtazamaji wa mpira aliyepata kuona timu mbili zikicheza kwa mavazi yaliyofanana katika kioo kisicho na rangi aijua thamani yake.

Na liko jambo kubwa kuliko rangi, nalo ni haja ya moyo. Julai 1969 watu mamia ya mamilioni walitazama wanadamu wa kwanza wakitembea juu ya mwezi. Picha zile zilikuwa na ukungu, hazina rangi, na mtu alionekana kama kivuli. Hakuna aliyeondoka kwa kuchukia ukungu. Hapa kwetu Kenya, ambako televisheni ilianza mwaka 1962, michezo kama Vitimbi na Vioja Mahakamani ilipendwa kwa miaka mingi, ingawa mapambo yake yalikuwa machache na picha yake ya kawaida. Maneno yalisikika, nyuso zilitambulikana, na kicheko kilifika.

Mwaka 2015 uliwapa Wakenya mtihani wa jambo hili. Mataifa yalikuwa yamepatana mjini Geneva mwaka 2006 kuwa katika sehemu zetu za dunia utangazaji wa kale wa analogi ukome tarehe 17 Juni 2015, na ule wa dijitali ushike mahali pake. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya kale Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012. Kenya ilipita kwanza katika mashauri marefu ya mahakamani. Februari 2015 mitambo ya analogi ya vituo vikubwa vya watu binafsi ilizimwa, na vituo vinne vilivyopendwa, yaani Citizen, NTV, KTN na QTV, vilitoweka kwa majuma karibu matatu, kwa kuwa wenyewe walitaka muda wa kujenga njia yao ya kurushia matangazo.

Katika majuma hayo mwenye king'amuzi alikuwa na picha safi isiyo na chenga. Lakini alichokipenda hakikuwamo. Malalamiko hayakuwa juu ya mistari wala nukta. Yalikuwa juu ya habari na michezo iliyopotea, na juu ya gharama ya king'amuzi, ambayo kwa mfugaji wa Tseikuru ni mbuzi aliyetoka zizini. Ni haki kusema kuwa dijitali ilikuwa na faida za kweli: vituo vingi hupita katika nafasi iliyotosha kimoja, na mawimbi yanayosalia hutumika kwa simu na intaneti. Hata hivyo iligeuza pia tabia ya ubovu. Katika analogi, mawimbi yakidhoofika picha hujaa chenga, lakini mpira waendelea na sauti yasikika. Katika dijitali, mawimbi yakidhoofika kupita kiasi picha huganda au hutoweka kabisa. Mtu aliye mbali na mnara hupoteza ile nusu aliyozoea kuridhika nayo. Aliyeahidiwa picha bora aweza kupata picha bora leo na kioo cheusi kesho.

Hapa napenda kuwakemea wenye dai la kwanza. Wanaotengeneza vipindi husikia kuwa watu hawajali, wakafanya kazi ovyo: maandishi madogo, sauti hafifu, mwanga usiotosha. Wamesahau kuwa asiyelalamika si lazima awe ameridhika. Huenda hana wa kumlalamikia. Mwaka 2020 shule za Kenya zilipofungwa kwa ajili ya Korona, masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni. Fikiria mwanafunzi wa hisabati mbele ya kioo kidogo chenye ukungu. Kipeo kidogo kilicho juu ya tarakimu kikipotea, tano ya kipeo cha pili, ambayo ni 25, hubaki tano tu. Kwake yeye ubora wa picha si anasa. Ni tofauti ya kujua na kutojua, na yamkini ya kupita mtihani na kuanguka.

Basi hukumu yangu ni hii. Mtazamaji wa kawaida huona, tena hujali. Husamehe ila ndogo kwa ajili ya jambo kubwa, lakini hasamehi ila inayomnyang'anya maana. Anataka sauti isikike, uso utambulikane, tarakimu isomeke, na picha isikatike saa ya bao. Mtu akimpa hayo amempa picha njema. Asipompa hayo, hata akimwongezea mistari elfu, hajampa kitu.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nanyi wanafunzi, mtakapotumwa kununua televisheni, au siku moja kutengeneza kipindi, msianze kwa kuhesabu nukta. Waulizeni kwanza watakaotazama wataketi wapi, watazame nini, na wakikosa kuona kitu gani watakuwa wamepata hasara. Kisha nendeni mkaketi juu ya benchi la nyuma, mtazame kutoka huko.