"Si" Isiyokanusha

Vitabu vingi vya sarufi tunavyotumia hulifundisha neno "si" kama kikanushi tu: "Yeye si mwalimu." Mwanafunzi wa hapa Burundi hulielewa upesi, kwani hata Kirundi husema "si jewe" kwa maana ya "si mimi". Kifaransa ndicho humchanganya. Humo "si" ni "kama" ya sharti, tena ni jibu la kupinga swali la ukanushi. Ukiulizwa "Tu ne viens pas?" nawe ukajibu "Si!", umesema unakuja. Kwetu Kiswahili, anayeulizwa "Huji?" akajibu "Ndiyo", haji. (Kwa Waitaliano, "sì" ni ndiyo moja kwa moja.)

Lakini kosa lililotushtua halikutoka Ulaya. Tukisahihisha mitihani tulikuta "Si nilikuambia!" imefasiriwa kuwa "Sikukuambia". Mwanafunzi alinyimwa alama, nasi hatuoni kuwa alitendewa haki. "Si" ya namna hii haikanushi kitu. Humkumbusha msikilizaji jambo analolijua na kumbana akubali. Husikika kila siku katika mazungumzo, ilhali vitabu hivyo vimeinyamazia. Tunapendekeza ifundishwe mapema, pamoja na kiimbo chake, kabla ya ukanushi wa nyakati.